Maji ya Mifupa

Mume wangu alinunua gari la kulala kutoka kwa mtalii aliyekuwa akirudi kwao, na kwa miaka kadhaa hiyo ndiyo iliyokuwa nyumba yetu. Tulizunguka masoko tukiuza miwani ya kusomea, kutoka Longonot hadi Olenguruone. Mama yangu alikuja nasi amlee binti yetu, ambaye alikuwa hajafika hata umri wa nasari.

Mimi nilikuwa na hofu moja tu: maji. Visima vya huku vina madini mengi ya floraidi, na mtoto akiyanywa kabla meno ya ukubwani hayajaota, meno hayo hutoka ya kahawia. Najua, kwa sababu yangu ndivyo yalivyo. Nilipokwenda shule ya bweni Nairobi waliniita Kutu, na mpaka leo sipigwi picha nikicheka. Niliapa binti yangu hatayapitia hayo. Chini ya sinki tukafunga mtungi wa kuchujia, wenye punje nyeusi zinazonasa floraidi. Maji yalitoka tone kwa tone, yanaudhi kweli, lakini nilivumilia.

Siku moja Mama aliuliza zile punje ni nini.

"Ni mifupa ya ng'ombe, imechomwa," mume wangu akamwambia, mkweli kupita kiasi.

"Mnapea mtoto maji ya mifupa? Ya ng'ombe hamjui ilikufa aje?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa kukubali, nami nikajidanganya kwamba yameisha.

Meno ya mbele ya ukubwani yalipomwota mtoto, tayari alikuwa shule, nasi tumeegesha gari Nakuru. Yalikuwa na madoa ya kahawia, kama kikombe cha chai kisichosuguliwa. Nikamuuliza Mama, naye hakuficha lolote. Siku zote tulipokuwa sokoni, alichota maji ya kisima kutoka tangi la gari, yasiyopita kwenye mtungi, akayachemsha mpaka sufuria inabaki nusu, ndipo akampa mjukuu wake.

"Nilikuwa nachemsha vizuri kabisa," alisema, akingoja nimshukuru.

Moto hauondoi floraidi. Maji hupungua, floraidi hubaki palepale, kali zaidi. Nilimkasirikia hata nikashindwa kumtazama usoni, na hasira hiyo sijaimaliza, ingawa najua alifanya kwa upendo. Laiti angekuwa mtu mbaya, ningejua la kumwambia.

Mtoto alikuwa amesimama mbele ya kioo cha gari, amesugua kwa mswaki mpaka ufizi unatoka damu. Analia. Mama akamvuta akampakata.

"Nyamaza, mum. Haitoki hiyo. Si uko tu kama mama yako?"

Binti yangu akageuka, akanitazama mdomo, akalia zaidi.