Vigae vya Banda la Kuku

Mume wangu aliporudi kutoka Mzumbe, alikokwenda kwenye semina ya utunzaji wa majengo ya zamani, nilijua tumekwisha. Alishuka kwenye bodaboda akiwa na kofia ya semina kichwani na macho ya mtu aliyeokoka.

Tunaendesha nyumba ya wageni juu kidogo ya mji, pale barabara inapoanza kupanda milimani. Nyumba ni ya enzi za Wajerumani, ina kuta nene, madirisha ya mbao na paa la vigae vyekundu. Tumeikodi kwa sharti kwamba sura yake isibadilishwe.

"Kuanzia leo, mke wangu," alisema kabla hata hajakaa, "hakuna kitu kitakachotupwa humu ndani."

"Hata maganda ya ndizi?"

"Hasa maganda ya ndizi."

Kesho yake akapanga mapipa matatu uani, kila moja na rangi yake, na maelezo ya rangi hizo alikuwa nayo yeye peke yake. Mgeni wetu mmoja, mfanyabiashara wa mpunga kutoka Dakawa, alisimama mbele ya mapipa yale ameshika mfupa wa kuku.

"Mama, huu unakwenda wapi?"

Nikamwelekeza kwa mume wangu, na hapo ndipo nilipomponza. Alielezwa habari za mboji, plastiki na chupa mpaka chai yake ikapoa. Alipoondoka tuligundua amefungasha taka zake zote kwenye mfuko akaenda nazo Dakawa. Mume wangu alifurahi sana. Alisema huko ndiko kupunguza taka kwenyewe.

Kisha akaufuata mlango wa stoo, ambao mchwa walikuwa wameula upande mmoja. Mimi nilitaka uwe kuni. Yeye akakata upande uliosalimika, akauwekea miguu, ukawa meza ya kifunguakinywa. Ni meza nzuri, siwezi kumnyima haki yake, ila aliacha tundu la ufunguo ili wageni waone kwamba ni mlango halisi. Vijiko vya chai vinapita hapo kila asubuhi.

Masika yalipoanza, upepo ulivunja vigae juu ya chumba chetu bora. Tukatandaza mabeseni. Tuliulizia mjini, na vigae tulivyopewa vilikuwa vipya, vyembamba, tena vya rangi ya bluu. Mume wangu alikosa raha, hata semina akaacha kuitaja. Nilimwonea huruma kidogo.

Mimi ndiye niliyeviona vigae vyetu. Nilishuka kununua mayai kwa bibi jirani yetu, ambaye shamba lake la migomba linapakana na ua wetu kwa chini. Nikainua macho: banda lake la kuku limeezekwa vigae vilevile vyekundu, safi, wala halivuji hata tone. Nikarudi mbio kumwita mume wangu.

"Shikamoo, bibi," alisema, kofia mkononi.

"Marahaba. Umefuata kuku?"

"Hapana, bibi. Nimefuata paa."

Bibi alicheka mpaka akashika mgomba. Akatueleza, kwa lafudhi yake ya Kiluguru inayovuta maneno, kwamba zamani, kabla yetu, mafundi waliotengeneza nyumba ile walivirusha vigae vilivyobaki korongoni. Yeye aliviokota akavipandisha kwa kichwa. "Mlitupa wenyewe," alisema. "Sasa mnanivulia nguo kuku wangu?"

Mume wangu akaniangalia mimi, kana kwamba ni mimi niliyetupa. Mwishowe walikubaliana: yeye ataezeka banda upya kwa bati, kwa mikono yake, na bibi atatupatia vigae. Kazi ilikwenda vizuri. Chumba kikakauka, na ukisimama barabarani huwezi kujua kigae kipi kililala na kuku.

Ila kuku hawakuulizwa. Mchana lile bati lilikuwa likichoma, na mvua ikinyesha linapiga kelele kama ngoma ya harusi. Wakahama. Siku moja nilitoka barazani nikawakuta wamejipanga juu ya viti vya wageni, na tetea mmoja ametaga ndani ya kapu la mashuka.

Bibi alipanda kuwafuata. Akatazama juu, akawatazama kuku wake, akasema kwa upole, "Wamefuata paa lao."

Mume wangu alirudi bandani, akaweka nyasi kavu juu ya bati, nene kabisa. Joto likapungua, kelele zikaisha. Kuku wengi walirudi wenyewe kwa bibi. Siku hizi bibi hupanda asubuhi kunywa chai nasi kwenye ule mlango, na kijiko chake hakijawahi kudondoka, anakiweka mdomoni.

Jogoo alikataa kurudi. Anawika chini ya dirisha la chumba bora alfajiri, kabla hata ya adhana, na wageni hulalamika. Mume wangu huwasikiliza kwa heshima, kisha huwaeleza kwamba kwa bahati mbaya jengo hili haliruhusiwi kubadilishwa, na jogoo ni sehemu ya jengo.