Rambirambi ya Mistari Miwili

Mafundi wa simu wa mtaa wa Matonge hupiga soga kutwa nzima, lakini huyu mwenye duka jirani na saluni hunong'ona kama yuko matangani. Kabla ya kugusa kibodi hupangusa vidole kwenye suruali, kisha humgeuzia mteja skrini asome mwenyewe. Emmanuella alimletea kosa la kanisa lao: lilitangaza kwenye tovuti yake kifo cha mama yake Emmanuella, kumbe aliyefariki ni mwingine wa jina hilohilo. Ukurasa ulishafutwa, ila kila anayelitafuta jina la mama mtandaoni bado anakuta, kwenye orodha ya matokeo, mistari miwili ya rambirambi.

"Bon, muite mama kwanza kwa simu, nimusikie," fundi alisema.

"Tonton, juu ya nini?" Emmanuella alimuuliza mzee huyo sababu.

"Muntu mwenye alikufa kweli, miye simufute."

Mama alipoitika kwa kicheko, ndipo fundi akatuma ombi kwa mtambo wa kutafutia, rambirambi hiyo iondolewe. Emmanuella, akivaa koti, alimchungulia fundi akiandika jina la mwanamke mwingine, lenye ukoo uleule ulioandikwa kwenye bango la duka lake. Ikatokea rambirambi ya mistari miwili, ya ukurasa usiofunguka tena. Fundi aliisoma kwa midomo, polepole, kisha akaifunga bila kutuma ombi lolote.