Mama Pua na Ufunguo wa Chumba cha Baridi

Wapakuzi wa ghala walimbandika jina la Mama Pua kwa sababu hakugusa kipimajoto kabla hajanusa. Miaka kumi na minane alitunza chumba cha maembe na mapapai yaliyoiva, na mumewe alilalamika kwamba jioni harufu ya maembe huingia nyumbani kwanza, mke anafuata.

Kisha bosi akamleta shemeji yake, mtu wa maneno mengi, aliyeamini kuwa tunda likipigwa baridi kali na kufungiwa halizeeki. Mama Pua alimweleza kuwa embe linapumua, likifungiwa na pumzi yake linachacha. Na likizidishiwa baridi linaumia ndani kwa ndani, halisemi mpaka lirudi kwenye joto. Shemeji akamuuliza kama nalo hulazwa hospitali. Watu wakacheka.

Bosi akaamua kila mmoja apewe chumba na makreti yake kwa siku kumi. Mshindi ashike ufunguo wa ghala, ambao mpaka hapo ulikuwa kwa Mama Pua. Mama Pua akaacha chake kwenye nyuzi joto kumi na tatu, kila asubuhi akifungua hewa ipite. Shemeji akateremsha chake hadi mbili, akafunga, akaenda zake kutembea.

Alhamisi, siku ya kumi, makreti yakatolewa na vyumba vikafungwa. Maembe ya shemeji yaling'aa kama yamepakwa mafuta. Ya Mama Pua yalikuwa na mikunjo kidogo karibu na kikonyo.

"Mama, lete ufunguo," bosi akasema.

Mama Pua akajipapasa mifuko. Haupo. Akaangalia chini ya mizani, akaangalia hata ndani ya birika la chai. Shemeji kwa haraka zake akapiga magoti kumsaidia, na Mama Pua, ufunguo ukimfinya ndani ya soksi, akamwelekeza pembe zenye vumbi zaidi. Ijumaa wakatafuta tena. Bila ufunguo vyumba havikufunguka, na makreti yote yakashinda nje, kwenye joto.

Jumamosi maembe ya shemeji yalikuwa na madoa ya kahawia na vishimo kama yamebonyezwa kwa kidole. Bosi akakata moja: nyama ya kijivu, haina utamu, inanuka pombe. Akakata la Mama Pua. Hilo alilimaliza lote, maji yakimchuruzika kidevuni.

"Ule ufunguo," akasema, "ukiuona, usimpe mtu."

"Nitaendelea kuutafuta, bosi."

Shemeji, aliyekuwa bado kifudifudi chini ya rafu, akauliza aangalie wapi tena. Mama Pua akamwambia asogee kidogo kushoto.