Kantonye wa Ukungu na Gunia la Maharagi

Ninyi vijana wenye mutasoma hii, ninawajua. Mutacheka kwanza, kisha mutaulizana: koko, huyu bibi yetu, alikunywa nini siku ile? Sikukunywa kitu. Masomo yangu ilikomea mwaka wa pili, Kifaransa sijue, lakini uongo siandike. Tena musingoje habari ya usiku. Watu wanapenda kusema mizimu inatembea usiku. Mimi wangu nilikutana naye saa ine ya asubuhi, tumbo limejaa viazi.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ungali mutoto. Nilikuwa na miezi mitano tu ya ndoa na Kasereka, Munande wa Butembo mwenye kamyo, lori yenye aliendesha mwenyewe. Dada yangu mukubwa yeye aliolewa chini, Walikale, mu pori. Mvua ilikata njia, na kwa mwaka muzima hakuna kamyo ilishuka kule. Wabebaji wa miguu njo walituletea habari: dada amezaa mapacha, na yeye mwenyewe ni mugonjwa, hakuna muntu wa kwao karibu. Mama yangu, pale Lushebere, akanifungia vitenge viwili vya kubebea watoto. Akaniambia: "Usirudi navyo." Basi.

Kasereka akakubali kujaribu ile njia. Paluku, kaka yake mukubwa, hakutaka.

"Njia yenyewe ni mbaya, tena tuweke mwanamuke mu kabini?"

"Shemeji," nikamujibu, "mimi kabini siitake. Nitakaa nyuma, juu ya magunia ya maharagi."

Akarudi kupanga magunia.

Lakini resori ya kamyo, ile springi ya chini, ilikuwa imevunjika, tukangoja ingine itoke Goma. Wanaume wakafunga mbao za kuweka mu matope, kamba, majembe, pipa ya mafuta. Mimi nilimaliza kazi yangu mapema, nikaanza kutembea kuangalia inchi. Ndiyo, kutembea tu! Siku ya kwanza nilienda kuona maji yenye inaanguka mu mawe, inanguruma mupaka kifua kinatetemeka. Siku ya tatu nilitaka kupanda mulima ule mukubwa kupita yote, na Kasereka akamutuma Paluku anisindikize. Alilalamika njia yote.

"Shemeji amekuwa Mubelgi! Anapanda mulima juu ya kuangalia mulima! Unaogopa mulima utakimbia?"

Kufika juu akalala mu majani, kofia ku uso. Mimi nikaangalia. Nyuma yangu mashamba ya kwetu Masisi, vipande vipande, ng'ombe kama punje za muchele. Mbele, pori ya Walikale, nyeusi, bila mwisho. Na chini kidogo nikaona njia yetu. Ilifika ku mwamba mwekundu, ikagawanyika. Ya kuume ilizunguka mulima. Ya kushoto, ile ya zamani, ilikuwa fupi na nzuri, lakini katikati mulima ulikuwa umeimeza. Ilipasuka kama kitambaa. Na pale penye ilipasuka, fasi hakuna udongo, nikaona kantonye anafanya kazi.

Ninyi kantonye hamumujue. Wakati wa Wabelgi kila kipande cha njia kilikuwa na muntu wake, wa kuziba mashimo na kufungua mifereji. Nyuma ya uhuru kazi ile ilikufa, wakarudi kulima. Huyu alikuwa analima hewa. Mudogo kama sisimizi, na kofia yake. Nikapunga mukono. Akainua jembe kunijibu.

"Paluku, amuka! Kuko muntu anatengeneza njia yenye haiko."

"Basi umusalimie," akasema, akarudi kulala.

Kesho yake resori ilifika, na siku ya pili tukaondoka, kamyo imejaa mupaka inalia. Kisha ukungu ukashuka. Munaniamini? Kasereka hakuona hata pua ya kamyo yake. Mimi na Paluku tukashuka, tukatangulia na fimbo, tunagonga njia kama vipofu. Tukafika ku mwamba mwekundu, na pale, katikati ya njia, muntu alikuwa amesimama. Shati ya kaki, kofia yenye tundu, jembe ku bega. Njia ya kuume ilikuwa imezibwa na matawi ya miti.

Ku njia zetu, matawi ni sheria. Ukiona matawi, mbele ni kifo. Hakuna shofere anayabishia.

"Karibuni," yule Papa, njo vile tunaita muzee, akasema. "Kuume mulima umeanguka. Pitieni kushoto. Njia iko muzuri, niliitengeneza mimi mwenyewe."

"Aksanti sana, Papa!" Paluku akajibu.

Nikakimbia ku kabini. "Kasereka, kushoto imekatika. Niliiona."

"Uliiona ukiwa mu mawingu!" Paluku akacheka. "Huyu ni kazi yake. Wewe kazi yako ilikuwa kutembea."

Niseme ukweli: na mimi nilisitasita. Kutoka juu ya mulima, kushoto inaweza kugeuka kuume, hapana? Kasereka akaniangalia, akaangalia matawi, akaweka vitesi, gia ya kwanza. Magurudumu ikaanza kugeuka kushoto. Vitenge vya dada nilikuwa nimevifunga ku kifua, nikavishika. Njo nikaangalia miguu ya yule Papa. Sisi matope ilitufika mu magoti. Yake ilikuwa safi kama sahani.

Kwetu ku milima, muntu akisema daraja ya miti iko nguvu, yeye njo anatangulia, na muzigo ku kichwa. Nikasimama mbele ya kamyo.

"Papa, uko fundi wa njia. Sisi tuko wazito. Utusaidie gunia moja la maharagi, utangulie nalo, tutakufuata."

Akahamisha jembe ku bega la pili. Kisha: "Niko na kazi."

"Ni hatua makumi mbili tu, Papa."

Paluku akakasirika. "Unamutuma muzee kama punda? Haya gani hii!" Lakini juu ya kunifunga kinywa, akashusha gunia mwenyewe. "Papa, umusamehe, ni mutoto. Ushike kidogo tu, anyamaze." Akamutwika.

Gunia lilipita. Sijue niseme namna ingine. Lilipita mu kofia, mu kichwa, mu kifua, likaanguka chini paa! Na mukono wa kuume wa Paluku ukalifuata, ukaingia mu kifua cha yule muntu mupaka ku kiwiko. Paluku akalia kama mbuzi. Gunia likapasuka katikati ya ile miguu safi, maharagi ikakimbia kushoto, ku ile njia nzuri, ta-ta-ta-ta-ta, kisha kimya. Hatukusikia fasi iliangukia.

Kasereka akavuta freni.

Yule Papa hakukasirika. Aliangalia maharagi sawa fundi mwenye kazi yake imekataliwa. Akabeba jembe, akaingia mu ukungu, akatembea kule penye maharagi ilinyamazia, bila kuanguka.

"Pole na kazi, Papa," nikamuambia.

Tukashika matawi tuyatoe. Ikageuka vumbi mu vidole, kavu ya miaka. Tukapita kuume. Siku ine za mbao na matope, nasukuma na mabega yangu kama wanaume. Na tukafika! Kamyo ya kwanza! Walikale yote ikatoka, watoto wanakimbia mbele, wamama wanapiga vigelegele. Dada akatoka mu nyumba, amekonda, lakini ku miguu yake. Nikafunga pacha mumoja ku mugongo wangu, yeye akafunga mwengine, tukacheza mbele ya kamyo. Na Paluku alikuwa amesimama juu ya kabini, anapiga kelele: "Mumupishe Mubelgi wetu wa Lushebere! Yeye njo ametufikisha!"

Ule mukono wake haukupata moto tena. Mupaka alipokufa, muzee, alivaa sweta ku jua la saa sita, na nikimusalimia ilikuwa kama kushika jiwe la mutoni. Na hakusafiri tena bila kuja kwangu kwanza: "Shemeji, wewe umeona nini?"

Wale mapacha leo wana wajukuu. Kwa hiyo musiniambie ni hadithi.

Siku tuliporudi Lushebere, mikono mitupu bila vitenge, nilitoa amri mu nyumba yangu, na iko mupaka leo, hata kwa ninyi wenye munatembea na telefone ya kusema pinda huku, pinda kule: muntu akiwaonesha njia, mumupatie muzigo atangulie. Akikataa kubeba, muzime moteri.