Picha Alizozikwa Nazo Mama Mkoa

Wiki iliyopita nilialikwa Bukoba kwenye uzinduzi wa ukumbi uliopewa jina la Mama Mkoa. Nilikwenda, ndugu yangu, na nimerudi na hasira ya kutosha kuchemshia sufuria ya ndizi. Ukutani wamebandika picha yake kubwa akikata utepe, chini wameandika: mke mpendwa wa mkuu wa mkoa. Basi. Hotuba zilipigwa mpaka jua likageuka, na hakuna hata mmoja aliyetaja kwamba yule mama alikuwa mchoraji.

Mimi najua, maana nimekulia Nshambya kwa bibi yangu, ua kwa ua na nyumba yao. Msimu wa senene tulikaa kibarazani kwa bibi tukiwanyonyoa mabawa, mwenyewe akiongea bila kupumua, na Mama Mkoa kapiga magoti juu ya lubugo, ile nguo ya gome la mti, akichora kwa udongo mwekundu na masizi ya chungu. Alichora wanawake: anayemenya ndizi, anayeanika kahawa, mjane anayefukuzwa shambani na shemeji zake. Senene wakishakaangwa aliwachota kwa vidole vile vile vyenye rangi, akala, tukacheka. Halafu honi ya gari la serikali inalia. Ananawa, anajifunga kitenge, anaondoka. "Huko wanahitaji kitenge changu tu," alikuwa akisema, na bibi anaguna.

Alitaka jambo moja: picha zile zitundikwe mahali watu wazione. Mumewe alikataa. Mke wa mkuu achezee udongo, watu watasemaje? Angoje kwanza yeye astaafu. Akangoja, mwaka baada ya mwaka, akizikunja na kuzipanga juu ya kabati. Mume akastaafu kweli, wakarudi kwao Kagoma, na kabla hawajamaliza kupaka nyumba chokaa mama akafa.

Tulikwenda kuzika. Kwa ukoo ule, Mlutheri au si Mlutheri, mtu mzito hazikwi bila lubugo. Lakini watengenezaji walikuwa wameshakwisha. Vijana walitumwa hadi Ngenge wakarudi mikono mitupu. Ndipo mtu akakumbuka juu ya kabati.

Bibi alipiga kelele mbele za watu: "Jamani, hizo ni picha! Ni kazi yake!"

Mzee wa ukoo wala hakukasirika. "Lubugo ni lubugo, waitu. Tena ni zake mwenyewe."

Wakazikung'uta uani, udongo mwekundu ukapukutika, wakamviringishia zote. Mume alikuwa amesimama pale pale, kofia mkononi. Neno lake moja lingetosha, maana hata kustaafu hakukumwondolea ukuu. Alikohoa tu. Sijamsamehe mpaka leo, na yeye mwenyewe yuko kaburini.

Bibi naye ameshakwenda. Kibaraza kile kimebomolewa, pamejengwa fremu za maduka. Yule mjane na shemeji zake, yule wa kahawa, nawaona wote nikifumba macho, lakini Mungu hakunipa mkono wa kuchora.

Na watu wa Kagoma, ukiwauliza, watakuambia kwa fahari kwamba hawajapata kuona mwanamke aliyezikwa kwa heshima kama yule.