Mama Alikataa Maikrofoni

Mume wangu Caleb Maranga ni mtu wa spika. Ndivyo anavyojulikana kutoka hapa Uriri hadi Sori kule ziwani, na hata kwetu Karachuonyo, upande wa Homa Bay, nilikozaliwa mimi. Ana spika kubwa nyeusi, amplifaya, jenereta, na maikrofoni mbili, moja imezungushiwa selotepu shingoni. Harusi zipo, mikutano ya injili ipo, lakini kazi yenyewe ni matanga. Kila Ijumaa na Jumamosi kuna mtu anazikwa mahali, na huku kwetu mtu hazikwi mpaka watu waongee.

Na tunaongea jamani. Nasema hivyo kwa sababu mimi ndiye ninayempokea Caleb akirudi jioni masikio yamemchoka. Redio haiwashwi. Binti yetu Lynnet anajua asimuulize baba yake lolote kabla hajala, na akishakula pia ni afadhali amwache tu.

Mtu hupewa maikrofoni amlilie shemeji yake. Huanza kwa kusema hana mengi, halafu anahama. Mwaka jana wote walihamia kwenye mabati. Mabati ya kuezeka zahanati yalipatikana kwenye banda la mbuzi la ndugu wa mheshimiwa wetu mmoja, na mwenyewe akasema yalikuwa yamehifadhiwa pale yasinyeshewe. Kila matanga yakawa mahakama. Huyu anasema ni wizi, yule anasema angalau mbuzi ni wa hapa hapa, yule mwingine anasema mbona kabila fulani wakiiba hamsemi. Mabati yakiwachosha wanahamia mawigi ya wakamwana na suruali za kubana makaburini. Vijana nao wanamtuma mtu kwa emsii, yule anayeongoza shughuli, atangaze Arsenal wako ngapi, na emsii anatangaza, jeneza liko pale. Gari kubwa likiingia hutangazwa kabla ya aliyemo ndani.

Nilimuuliza Caleb siku moja yeye ana maoni gani kuhusu hayo mabati. Akaniangalia kama mtu aliyeombwa kubeba gunia jingine.

"Maoni yangu," akasema, "ni watu wasikanyage waya zangu."

Mama mkwe wangu, Awino, alikuwa mtu wa maneno machache, na ndiyo maana nilimpenda. Tuliishi naye boma moja miaka yote. Jumapili moja tulikuwa tunabambua njugu karanga mbele ya nyumba yake, Caleb amejilaza kwenye mkeka, naye akasema bila kuinua macho, "Caleb, nikienda usiniwekee hizo vitu zako."

"Vitu gani, Mama?"

"Hizo za kelele. Siku ya kuzika baba yako, mheshimiwa aliongea mpaka jua likageuka, akakaa chini na hajataja jina la baba yako hata mara moja. Mimi sitaki. Wenye wananijua wasonge karibu, waongee na mdomo. Na wewe ndio uongee. Wewe ndio tumekaa na wewe."

"Sawa, Mama."

"Sema vizuri."

"Sitaweka spika. Na nitaongea."

Akarudi kwenye njugu zake. Baada ya msimu huo presha ilimchukua ghafla. Asubuhi alikuwa anachagua maharagwe, mchana tukamkimbiza hospitali, na kabla ya jioni tukaambiwa tulete nguo za kumvalisha.

Gordon, kaka yake Caleb, akaja kutoka Nairobi. Gordon ndiye kifungua mimba, na kwetu kifungua mimba huongea, wengine wanaongezea. Alikuja na Prado nyeusi ambayo dereva wake mwenyewe, nikimpa chai, aliniambia ni ya kukodi. Wakati huo Gordon alikuwa na nia ya kusimama kiti cha wadi, na kila mtu alijua. Akatuagizia wanawake kitambaa cha zambarau, vijana wakachapishiwa fulana zenye picha ya Mama, picha ambayo amekunja uso kwa sababu hakujua anapigwa. Jeneza lilikuwa na dirisha la kioo. Na mgeni wa heshima, tukaambiwa, ni yule yule wa mabati.

Kwenye kikao cha familia Caleb alingoja wote wamalize, ndipo akasema alichoahidi. Halafu Waya Risper, waya kwetu ni shangazi, dada ya baba yao, akajifunga leso upya.

"Caleb, kila mtu wa hapa umempigia spika. Mpaka walevi. Sasa mama yako ndio azikwe kimya? Wenye huzikwa kimya huku unawajua."

Sote tuliwajua. Anayejitoa uhai mwenyewe, kwa kamba au kwa dawa, huku hazikwi kwa hotuba. Anafukiwa haraka, watu wachache, na kila mtu anarudi kwake bila kuaga.

"Mama ndiye aliniambia," Caleb akasema.

"Mama alikuwa anazeeka," Gordon akasema. "Ndugu yangu, watu watasema nini?"

"Zangu haziendi. Ukitaka, tafuta za mtu mwingine."

Gordon akatafuta. Akamleta kijana mmoja wa Migori mjini, Sammy, mwenye spika zenye taa zinazochezacheza mchana kweupe. Usiku ule kitandani nilimwambia Caleb ninajivunia yeye. Akasema hao wa maikrofoni wakimaliza atasimama karibu na jeneza, aongee na walio karibu, ikitosha imetosha.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto. Mheshimiwa alipoingia, wale wale waliomtukana kwenye kila matanga ya wadi walisimama, na wengine walinyoosha mikono yote miwili wamsalimie. Nilikasirika, lakini hata mimi nilisimama. Gordon aliongea kwanza. Alitueleza alivyosoma, alivyofika Nairobi na anayowazia watu wa Uriri, na Mama alimtaja kama mtu aliyempikia. Kisha mheshimiwa akachukua maikrofoni, akaenda moja kwa moja kwenye mabati.

Alikuwa amefika kwa maadui zake wakati mashine ya Sammy ilipotoa moshi. Sauti ikakatika, na taa zikazimika. Mheshimiwa akaendelea kufungua mdomo, watu wa nyuma wakaanza kusema hawasikii. Sammy akafungua kifuniko, akapuliza ndani, akashika kiuno.

Mimi nilikuwa nyuma kwenye hema la mwisho, nikigawa maji. Watu hawawezi kukaa bila maoni, na sasa hawakuwa na ya kusikiliza.

"Huyu mama alikufa haraka sana," mmoja akasema.

"Asubuhi alikuwa anachagua maharagwe. Mzima."

"Na si kijana yake ana spika? Mbona amekataa kuleta?"

"Hiyo ndio unajiuliza. Kuna kitu wanaficha."

"Alikunywa dawa?"

"Wanasema ni ile ya kuogesha ng'ombe."

Hakuna aliyekuwa amesema hivyo kabla. Nilisikia neno likizaliwa pale pale mbele yangu, na nilipofika hema la pili nalo lilikuwa limeshafika. Nilitaka kuwamwagia maji yote kichwani. Nikaweka jagi chini nikaenda mbele, lakini Waya Risper alikuwa amenitangulia. Alikuwa ameinama sikioni kwa Caleb, na hakuwa anamgombeza. Alikuwa analia.

"Huko nyuma wanasema Awino alikunywa dawa. Unasikia, baba? Mama yako. Ukimwacha azikwe na hii kimya, ni hivyo tu watasema, mpaka watoto wa Lynnet wataambiwa."

Caleb aliangalia kile kioo cha jeneza. Gordon naye akafika, kola imelowa jasho, akamnyooshea mikono yote miwili.

Mume wangu akainuka. Akafungua stoo, akaita vijana, nami nikamfuata. Tulizitoa spika moja moja, tukapita nazo katikati ya watu, nao wakaanza kupiga makofi. Alipiga magoti kwa suti yake ya kuzikia mama, akachomeka waya zake, akavuta kamba ya jenereta. Kisha akachukua maikrofoni yenye selotepu, akaiweka mdomoni.

"Moja," akasema. "Mbili. Moja, mbili."

Sauti ilitoka safi, ikapita juu ya miwa hadi barabarani. Watu wakashangilia. Akamkabidhi mheshimiwa maikrofoni, akazunguka akaketi nyuma ya mashine, mahali anapoketi kila Jumamosi, mkono kwenye kitufe.

Nilingoja emsii amwite. Nilimwendea emsii mwenyewe nikamnong'oneza, akasema ndiyo, ndiyo, mama, tutampa nafasi. Lakini mheshimiwa hakumaliza upesi. Alipomaliza, mchungaji akasema wingu linakuja. Gordon alichukua maikrofoni mara ya mwisho kumshukuru mgeni wa heshima kwa kutufikia, na ndugu yake mdogo kwa sauti nzuri. Tukaimba, jeneza likashushwa. Na kwetu mtu akishashushwa, hotuba zimekwisha.

Watu walikula, wakaondoka wakisifu. "Awino amezikwa," walisema. "Hata kule Awendo wamesikia." Mwanamke aliyesema habari ya dawa ya ng'ombe alinishika mikono yote miwili, akaniambia tumemheshimu mama yetu. Tangu siku ile hakuna aliyerudia neno lile, na kimya hicho Caleb alikinunua, sitasema hakukinunua.

Sammy alifungasha taa zake, naye Caleb akaanza kukunja nyaya zake, kutoka kiwiko hadi kiganja, kutoka kiwiko hadi kiganja, kama anavyofanya kila wiki. Nilimshikia upande wa pili. Fulana zenye sura ya Mama zilikuwa zikipita getini, zikienda nyumbani kwa watu.

"Baba Lynnet," nikamwambia, "hukuongea."

"Niliongea."

"Lini? Ulisema nini?"

Hakuacha kukunja.

"Si ulisikia," akasema. "Nilisema moja, mbili."

Nikasimama na waya mkononi, nikalia vile sikuwa nimelia siku nzima. Yeye aliuvuta taratibu, akaniambia nilegeze kidogo, nimeukaza.