Niliikinga Simu, Mjomba Akakosa Baraka

Pfuuu.

Sauti hiyo bado iko masikioni mwangu. Ni sauti ya maji yakitoka kinywani mwa mwanamke mzee asiye na meno ya mbele. Hayakutoka kwa nguvu. Yalitoka kama mtu anayezima mshumaa, na hayakuwa maji yangu. Yalikuwa ya mtu mwingine.

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili usifike katikati ukaanza kunitafutia wa kulaumiwa. Watu hunihurumia haraka kwa sababu mimi ni mtu wa kucheka. Hata sasa nikipita mtaani wananiita, "Madam Kamera, niaje?" nami najibu, "Poa sana." Mdomo unajibu wenyewe.

Niliishi mtaa wa Makongeni, jijini, na nyanya yangu, mama ya mama. Kwetu magharibi tunamwita Kukhu. Babu alikuwa mtu wa reli, na alipofariki Kukhu alibaki katika ile nyumba ya reli, akanilea humo. Nilimaliza kidato cha nne bila alama za kujivunia, nikapata kazi kwa duka la simu mtaa wa jirani, Mbotela. Kazi yangu ilikuwa kupangusa vioo na kuwaeleza wateja tofauti ya simu hii na ile.

Hapo ndipo ndoto yangu ilipoanzia. Nilitengeneza video za kulinganisha kamera, nikaziweka kwenye status ya simu yangu watu wazione. Nilichukua ubao wa kukatia mboga za sukuma, nikafunga simu mbili juu yake kwa mipira ya raba, bega kwa bega, ili zirekodi kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kushoto simu yangu kuukuu, kulia simu mpya ya dukani. Nilirekodi watoto wakiruka kamba, nguo zikipepea, sufuria ya uji ikichemka. Kisha naonyesha picha zote mbili na kueleza: hii inatikisika, hii imetulia, hii imefanya uji uwe wa bluu. Waliotazama walikuwa wachache. Mimi nilijiona nimefika.

Bosi wangu, Kamaa, aliniruhusu kubeba simu moja ya maonyesho siku yangu ya ofu, ile ya kupumzika. Kila mara alirudia yale yale.

"Madam Kamera, hiyo ikishika maji ujue ni yako. Na jioni toa uchafu wako wote humo. Mteja hataki kununua simu akute sufuria yenu."

Kati ya wale wachache waliotazama alikuwamo Mjomba.

Mjomba ni kifungua mimba wa Kukhu. Yuko Uarabuni, anaendesha lori. Kabla hajaondoka walikosana vibaya, mimi nikiwa mdogo, na kwa hasira Kukhu alimwambia neno ambalo mama hapaswi kumwambia mwanawe: "Siku nikifa, usinitupie mchanga." Mjomba akabeba begi akaenda. Tangu hapo hakupokea simu yoyote ya kutoka nyumbani. Lakini nikiweka video, hata ya sufuria, jina lake linaonekana kati ya waliotazama.

Nilimwambia Kukhu jambo hilo nikicheka. Yeye hakucheka. Aliweka chini mboga alizokuwa akichambua.

"Anatazama mpaka mwisho?"

"Sijui, Kukhu. Lakini anatazama."

"Basi niweke mimi humo."

Kwetu, neno kama lile haliondoki kwa kusema pole tu. Mzazi hutamka kwa mdomo wake kwamba amelitoa, halafu huchukua maji kinywani na kumpulizia mwanawe. Bila hivyo mtoto hasogei kwenye kaburi la mama yake, hata akiwa amevaa suti. Kukhu alikuwa mtu wa kanisa kabisa, na kitambaa chake cheupe kila Jumapili, lakini hilo hakulifanyia mzaha.

"Nitampulizia humo humo kwa simu," alisema. "Si atakuwa ananiangalia?"

Nilimkumbatia. Niliona video nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Niliwaza Mjomba akilia huko aliko. Na kwa sababu ninaungama, niseme yote: niliwaza pia watu wengine watakaoitazama.

Siku ya ofu ilipofika nilianza na majaribio. Nilimtembeza Kukhu kutoka kwenye mfereji, bomba letu la maji la uani, hadi mlangoni, mimi nikirudi kinyumenyume na ubao wangu mkononi.

"Tembea tena, Kukhu, nione kama inatikisika."

"Ni mimi ninatikisika, mama. Si simu."

Nilicheka mpaka ubao ukainama. Kisha akaketi kwenye kigoda chake mlangoni, akitazama ndani nilikosimama, kikombe cha bati chenye maji miguuni, akasema na mwanawe. Alimwita kwa jina la utotoni. Alisema lile neno alilitamka kwa hasira na sasa amelitoa. Alisema, "Ukisikia nimeenda, njoo. Uwe wa kwanza kunitupia mchanga." Alipoinamia kikombe, mimi nilikuwa nimeshazima kurekodi kwenye simu zote mbili ili nisikilize zilichonasa.

Kwenye simu yangu kuukuu uso wake ulikuwa mweusi kwa sababu ya mwanga wa nyuma, lakini kila neno lilisikika. Kwenye ile mpya ungeona hadi mikunjo ya shingo, ila simu zile zina akili ya kuondoa kelele, na akili hiyo iliona sauti ya chini ya Kukhu kuwa kelele. Ilimeza mwisho wa kila sentensi. Nami nilitaka uso ule wa simu ya kulia uwe na sauti ile ya simu ya kushoto.

"Tena, Kukhu. Nasogea karibu."

"Si nimeshasema?"

"Umesema, lakini huyu wa kulia hakusikia vizuri."

"Kwani ninaongea na wangapi?"

Alirudia. Safari hii pole pole, kama mtu anayepanda ngazi. Nilikuwa karibu sana, macho yangu kwenye vioo, natazama rangi. Sikuona mkono wake ukishuka kwenye kikombe. Nilipoinua macho alikuwa amejaza mashavu, anaangalia ubao ule kama unavyomwangalia mtu aliyesimama mbele yako.

Pfuuu.

Niliukumbatia ubao, nikageuka nikampa mgongo.

"Kukhu! Simu ya watu!"

Maji yalinipata kiwikoni na nyuma ya mkono. Hakuna tone lililogusa kioo. Na hapa kuna kitu hukijui bado. Simu ile haiogopi manyunyu. Mimi ndiye nilikuwa nawaambia wateja hivyo kila siku, nikiinyunyizia maji mbele yao kwa chupa.

Kukhu alijifuta mdomo kwa ncha ya leso. Akaniuliza, bila hasira, "Sasa nimempulizia nani?"

"Tutarudia, Kukhu. Ofu ijayo."

"Haya. Lakini mimi si redio, mama."

Kabla ya kurudisha simu ya duka niliisafisha kama Kamaa alivyotaka, nikafuta video zote humo. Kisha nikaja kwenye yangu. Simu yangu ilikuwa imejaa, kama kawaida yake. Ile video ya pili ilionyesha dari, halafu ukuta, halafu sauti ya msichana anamfokea mwanamke mzee. Niliona aibu, nikafuta. Ya kwanza, yenye uso mweusi na maneno yote, nikafuta pia, kwa sababu tunarudia. Nikamwaga hata zile zinazongoja kufutwa kabisa, nipate nafasi. Zile za kutembea niliziacha. Zilikuwa nzuri kwa kulinganisha.

Ofu ijayo haikufika. Kukhu alianguka pale pale kwenye mfereji. Hospitalini alikuwa hai, lakini mdomo ulikuwa umeenda upande na maneno hayakuja. Siku moja nilimpelekea kikombe cha maji mdomoni. Yalitiririka hadi shingoni, nikayafuta. Aliniangalia kwa muda. Sijui alikuwa akiniambia nini. Sitaki kujidanganya kwamba najua.

Alipofariki nilimwandikia Mjomba: "Kukhu alilitoa lile neno. Njoo." Akanijibu mara moja, yeye ambaye hakuwahi kujibu mtu. Neno moja tu.

"Nionyeshe."

Nilimwambia simu iliharibika. Hilo ni kosa langu la pili, na hili nililifanya bila kuogopa maji.

Alikuja. Tulimzika Kukhu nyumbani, magharibi, na Mjomba alisimama nje ya ua na begi lake begani, kama mtu anayengoja gari. Nilimfuata.

"Mjomba, alisema. Nilikuwepo."

Alinitazama kwa upole. Ni upole huo unaonikaa mpaka leo.

"Wewe hurekodi mpaka sufuria," alisema. "Kama angesema, si ungekuwa nayo? Usinifariji, mtoto wa dada. Nimezoea."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema nilifuta. Watu walikuwa wanaimba. Mdomo wangu, huu unaowajibu wote poa sana, haukufunguka. Wengine walipotupa mchanga, yeye alitia mikono mifukoni. Kisha akaondoka bila kuingia nyumbani.

Nimerudi kazini. Kamaa alinipa pole na mkate. Wateja wakiniuliza ipi inarekodi vizuri nawaambia, na ninawaambia ukweli. Sisikii kitu moyoni nikiwaambia. Wiki hii nilimwandikia Mjomba kila kitu, kuhusu maji, kiwiko, na vidole vyangu vikifuta. Naona amesoma. Hajajibu, na sina haki ya kumharakisha.

Wewe mwenye simu mkononi, nisikilize. Mzazi wako akianza kutoa neno alilolibeba miaka, mwache alitoe. Uso ukiwa mweusi, acha uwe mweusi. Usimwambie arudie ili upate rangi. Akipuliza, simama hapo hapo, na kama ni simu ya watu, ilowe. Na ukishakosea, sema siku ile ile, mbele ya yule uliyemkosea. Usingoje arudi Uarabuni uje kuwaambia watu wengine, kama mimi.

Jumapili iliyopita, wengine wakiwa kanisani, nilichukua kikombe cha bati cha Kukhu nikaenda kwenye mfereji. Nikaketi kwenye kigoda chake mlangoni. Nilifungua picha ya Mjomba kwenye simu kuukuu, nikaiweka magotini, nikajaza maji kinywani.

Kwetu mdogo hambariki mkubwa. Nilikaa hivyo, mashavu yamejaa, hadi maji yakapata joto.

Kisha nikayameza.